Moyo kudunda ovyo baada ya sindano ya testosteroni

Wakuu habari zenu, nina miaka 46, nilipimwa homoni ikaonekana testosteroni (homoni ya kiume) iko chini sana daktari akanianzishia sindano, nguvu zimerudi kwa kweli ila siku mbili tatu baada ya kuchomwa moyo unaenda mbio hasa usiku nikilalia ubavu wa kushoto, unaruka pigo moja halafu unadunda kwa kishindo. Kuna mwenye uzoefu?

Jibu 1
Pole sana mkuu. Kama unachomwa dozi kubwa kwa mkupuo homoni inapanda juu siku za mwanzo halafu inashuka, wengine hugawiwa dozi ndogo za kila wiki wakatulia. Ongea na daktari wako, usijipunguzie mwenyewe.

Jibu 2
Hapo kwanza pima damu. Testosteroni inaongeza chembe nyekundu damu inakuwa nzito, hematokriti (kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu) ikipita asilimia 54 dawa husimamishwa kwanza. Halafu ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na ikitoka safi omba kile kifaa cha kuvaa saa 24 maana tatizo lenyewe linakuja na kuondoka. Usipuuzie, utafiti wa TRAVERSE wa 2023 wa wanaume zaidi ya 5,000 haukuona mshtuko wa moyo ukiongezeka, ila aina moja ya moyo kupiga bila mpangilio (atrial fibrillation) ilionekana zaidi kwa waliotumia homoni, asilimia 3.5 dhidi ya 2.4.

Jibu 3
Na tezi ya shingo wacheki pia bro, kahawa ya jioni acha. Ukisikia kifua kinabana, pumzi inakata au unataka kuzimia nenda emajensi saa hiyo hiyo.