Nani ana haki ya kusema "leo hatuvuki"? Naomba ushauri, usalama wa wafanyakazi visiwani Ukerewe

Mtu_wa_Stoo (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi ni afisa usalama wa shirika dogo la misaada, ofisi yetu iko Mwanza upande wa Nyegezi. Nasema afisa usalama, ila ukweli nilikuwa mtu wa stoo na magari kwa miaka sita. Mwaka jana aliyekuwa anashika kiti hicho akapata kazi Juba, nikaambiwa "wewe si unajua magari, shika na hii." Mshahara haukuongezeka. Kilichoongezeka ni simu, siku hizi inalia hadi saa nane usiku.

Nilipelekwa mafunzo Nairobi, siku nne. Mafunzo mazuri, sikatai. Tulianza na bomu la Hoteli ya Canal kule Baghdad, tarehe 19 Agosti 2003, watu 22 waliouawa, ndiyo maana tarehe hiyo ikafanywa siku ya wafanyakazi wa misaada duniani. Tukafundishwa kupita kwenye kizuizi cha watu wenye bunduki, ukitekwa ukae vipi, ukisikia risasi ulale wapi. Siku nne nzima sikusikia neno mtumbwi. Sasa mimi watu wangu hawatekwi. Watu wangu wanavuka ziwa.

Mwezi uliopita timu ya watu watano ilikuwa inaenda kisiwa cha Ukara. Wanaoijua njia wanaelewa: meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, halafu kivuko hadi Bwisya. Njiani wakapata pancha, jeki haikuwemo garini (hilo ni langu, nimelikubali), wakafika Bugolora kivuko kimeshaondoka. Saa kumi na nusu jioni. Wakakodi mtumbwi wa mashine. Nahodha, mzee wa makamo, akaangalia wingu lililosimama mashariki, akasema bora mlale. Mkuu wa msafara akamwambia kesho asubuhi tuna kikao na wahudumu wa jamii, akaongeza elfu ishirini. Mzee akavuta kamba ya mashine.

Katikati mashine ikazima. Maji yakaanza kuingia ubavuni. Jaketi okozi zilikuwa tatu kwa watu watano, moja kifungio kimevunjika, imefungwa kwa kamba ya manila. Wakakumba maji kwa kidumu cha lita tano kilichokatwa mdomo, dada mmoja anakumba kwa buti lake la mvua. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wanaelekea kazini ndio waliowafunga kamba na kuwavuta hadi Bwisya. Saa mbili usiku.

Kinachoninyima usingizi si hicho. Ripoti ya safari niliyoletewa mezani imeandikwa "Safari ilikuwa salama." Nilikuja kujua siku ya nne, nilipoona video kwenye grupu la ofisi. Wanacheka, mmoja anaimba pambio, na maji yako kwenye vifundo vya miguu.

Na wote tunajua pale ni wapi. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka hapo hapo ikiwa inakaribia kufika Bwisya. Kivuko cha kubeba watu 101, waliokufa 228. Mmoja kati ya hao watano ana binamu yake amezikwa pale.

Nimeitisha kikao, kimya. Nimeandika sheria: hakuna kuvuka baada ya saa tisa alasiri. Wamesaini wote, haraka haraka, kama watu wanaosaini mahudhurio ya semina. Nawaangalia na najua wataivunja. Nifanyeje ili mtu aseme "leo hatuvuki" na neno lake lisimame?

Kelele_za_Igoma

NGO mna V8 mnakosa boti? Nunueni boti muache kulia.

Mtu_wa_Stoo

V8 umeiona wapi mkuu. Tuna Land Cruiser mbili za mwaka 2006 na moja iko juu ya mawe.

Dereva_Mstaafu

Kijana, marahaba.

Mimi nimeendesha magari ya misaada tangu Ngara 1994, mwisho wa mwezi wa nne, pale wakimbizi wa Rwanda kama laki mbili na nusu walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja. Tulikuwa tunasomba maji kwenda kambi ya Benaco, kulala ni kwenye usukani. Nikuambie nilichokiona kule.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, dereva mzuri kuliko sote. Jioni moja akakataa kupita kipande cha pori kwa sababu giza lilikuwa linaingia, na njia zile za Biharamulo majambazi walikuwa wanazikalia. Mizigo ikalala. Kesho yake bosi akampa barua ya onyo. Hakuna aliyemjibu bosi, hakuna aliyegoma. Ila tangu siku ile hakuna dereva aliyesema tena "hapa tusipite." Tulipita tu. Barua moja ilitosha kutufunga midomo madereva kumi na nane.

Wewe sheria yako ya saa tisa haina shida. Shida ni kwamba imeandikwa na mtu wa Nyegezi, na anayetakiwa kuitii yuko Bugolora, na bosi anapiga simu kutoka Dar kuuliza kikao kimeendaje. Unategemea nani ashinde hapo?

Mnasikia ile kesi ya Dadaab, kambi ya wakimbizi kule Kenya? Juni 2012 msafara wa shirika moja la Norway ulishambuliwa ndani ya kambi. Wageni wanne wakatekwa, wakapelekwa Somalia, wakaokolewa baada ya siku nne. Mmoja akalishitaki shirika, na Novemba 2015 mahakama ya Oslo ikasema ule ulikuwa uzembe mkubwa wa mwajiri. Semina zote mtatajiwa kesi hiyo, na ni sawa, iliwafungua macho mabosi. Ila mimi nikiisikia nakumbuka kwamba siku ile dereva, Mkenya, aliuawa. Katika kazi hizi wanaokufa wengi ni wenyeji wa nchi husika, na ndio wasioulizwa njia ikoje.

Sasa swali langu kwako, na usinijibu kwa hasira: hao watu watano, kama wangelala Bugolora, posho yao ya Ukara ingekuwaje?

Mtu_wa_Stoo

Mzee sijalifikiria hilo. Ngoja niulize uhasibu.

Mvuvi_wa_Kayenze

Naona watu wa ofisi mnajadili ziwa. Sawa.

Kwanza, wingu la mashariki saa kumi jioni siyo la kuongeza elfu ishirini. Ziwa letu dhoruba zake nyingi ni za usiku hadi alfajiri. Mchana mawingu yanajijenga nchi kavu, jioni yanasogea kwenye maji, na ukisikia upepo umekuwa wa baridi ghafla, umeshachelewa. Asubuhi jua likishapanda ndiyo saa ya watu wenye watoto. Utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa upo kwenye simu, usome, halafu muulize na mtu wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Vyote viwili.

Pili, usijivunie wale wa dagaa waliokuokolea watu. Wangekuwa na mbalamwezi wasingekuwepo. Dagaa tunavua giza, mwezi mkubwa tunashona nyavu nyumbani. Timu yako ilibahatika na kalenda.

Tatu, kaa chini. Mtumbwi ukiyumba mtu wa mjini anasimama, na akisimama anahamia upande wa mwenzake. Hata karibu na nchi. Hasa karibu na nchi, maana hapo ndipo kila mtu anainuka kutafuta begi lake.

Halafu hizo jaketi zako za stoo, umewahi kuzitia majini? Si kuzihesabu. Kuzitia majini.

Dada_wa_Fildi

Jamani mmevuka ziwa mpaka mmesahau tunapofikia.

Nimefanya kazi mialoni miaka minane, Buchosa, Muleba, Ukerewe. Nimeogopa ziwa mara tatu. Gesti nimeziogopa mara nyingi mno. Nipangiwe chumba ambacho kitasa chake kinafunguliwa kwa kijiko, mlango wa choo uko nje nyuma ya baa, na saa tano usiku mtu aliyelewa anagonga akiniita "dada wa mradi." Nikiripoti naambiwa ndiyo mazingira ya fildi. Siku hizi natembea na kabari ya mbao, naipigilia chini ya mlango kwa ndani. Nimechongewa na fundi wa Nansio kwa elfu mbili, na inanisaidia kuliko ule mwongozo wa kurasa sitini.

Kaka wa Stoo, uliza pia nani anabeba fedha. Kama bado mnawalipa wahudumu wa jamii mkononi, kisiwa kizima kinajua begi jekundu lina nini na linalala chumba namba ngapi. Lipeni kwa simu.

Na yule kijana wa kujitolea anayewabebea mabango hadi ndani ya mtumbwi? Wewe una mkataba, mwajiri wako anachangia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ukiumia kazini kuna pa kuanzia. Yeye ana fulana yenu tu. Akizama, nani ataenda kumwambia mama yake, na ataenda na nini mkononi?

Swali la mzee hapo juu namjibu mimi, maana nyie wanaume mnaona aibu kusema. Posho. Kwetu kisiwani usiku mmoja unalipwa, ukilala njiani hulipwi, au unalipwa nusu na barua ya maelezo. Nina ada za watoto wawili. Wingu nimeliona. Nimevuka nalo.

Kelele_za_Igoma

Dada hapo umenifunga mdomo. Naondoa ya V8.

Mtu_wa_Stoo

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nimekaa na mhasibu, tukafungua fomu ya masurufu. Ni kama dada alivyosema, tena mbaya zaidi. Posho inalipwa kwa muhuri wa kijiji unachofikia. Usipofika hakuna muhuri, na usipokuwa na muhuri unarudisha hela yote ya siku hiyo. Fomu hiyo nimeisaini mimi mwenyewe kwa miaka sita, kule stoo. Yaani tulikuwa tunawalipa watu ili wavuke, halafu tunawapa karatasi inayosema wasivuke.

Nilimwandikia bosi. Alikataa mara ya kwanza, akasema watu watalala Bugolora wale samaki wakati hali ya hewa ni shwari. Nikamjibu sawa, hilo litatugharimu posho za usiku mmoja mmoja, nikaambatanisha ile video. Alikaa nayo siku mbili. Amekubali kwa majaribio ya miezi mitatu: safari ikikatishwa posho inalipwa kamili, na yeyote ndani ya msafara akisema turudi, tunarudi, hata awe dereva, hata awe yule kijana wa mabango. Maswali baadaye, ofisini. Nahodha naye analipwa nusu ya nauli kwa kusema hapana. Hili la nahodha lilinipa kazi zaidi ya yote, mhasibu aliniuliza risiti yake itaandikwa "huduma" gani.

Ripoti nimebadilisha. Nimefuta sehemu ya "safari ilikuwa salama: ndiyo/hapana." Sasa inauliza "mlipoogopa ilikuwa wapi?" Jumatano nimepokea ya kwanza, na haikuwa ya ziwa kabisa. Ni bodaboda ya Bugolora, usiku, haina taa, watu watatu juu na mmoja wao mkuu wa msafara. Malipo ya mkononi tumeacha. Vitasa bado, kuna gesti mbili nimezifuta kwenye orodha na kabari nimechongesha kumi. Bima ya wa kujitolea sijapata jibu, naendelea kusumbua.

Mzee wa Kayenze, nilikusikiliza. Jumamosi nilimchukua mlinzi wetu, tukabeba jaketi zote 22 hadi ufukweni, tukazivaa mbili mbili na kuingia maji ya kifua mbele ya watoto waliokuwa wanaogelea. Wakatucheka vya kutosha. Kumi na tatu zilitubeba. Sita zilikuwa zinakubeba kidogo kisha zinakuzamisha kidevu. Tatu zilikunywa maji kama sponji, na moja ndani yake kulikuwa na kiota cha panya, makavu yake na makaratasi ya stoo yetu.

Zile tisa nimezikata kwa panga mwenyewe, mikanda na yote, maana mlinzi alishaanza kuniuliza kama anaweza kumpelekea shemeji yake mvuvi. Wabeja sana, yaani asanteni sana.