Kuchangisha mashabiki ili bendi irekodi albamu: fedha ashike nani, na rekodi iwe ya nani?

Mpiga Rizimu, Ilemela

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga gitaa la rizimu katika bendi ya watu saba inayopiga kwenye kumbi ndogo za hapa Mwanza, na mara mbili au tatu kwa mwaka tunavuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kupiga kwenye harusi. Tuna nyimbo nane ambazo watu wanaziimba pamoja nasi ukumbini, lakini hakuna anayeweza kuondoka nazo kwenye simu yake, kwa sababu hatujawahi kuzirekodi. Prodyuza wengi wa hapa mjini hutengeneza biti kwenye kompyuta kisha wakamwingiza mwimbaji peke yake, kazi ambayo siidharau, ila sisi tunaye mzee mwenye asili ya Kagera anayepiga enanga, ala ya nyuzi ya kwao, na kwenye biti ya namna hiyo enanga haisikiki kabisa.

Tumepiga hesabu ya kurekodi bendi nzima: siku sita za studio kwa shilingi 300,000 kila siku, kumiksi na kumasta nyimbo nane kwa shilingi 150,000 kila wimbo, pamoja na shilingi 600,000 za chakula na nauli. Jumla ni shilingi 3,600,000. Yupo mtu aliye tayari kuzitoa zote kwa mkupuo, kwa sharti kwamba nyimbo zote nane ziwe mali yake moja kwa moja. Badala yake tunafikiria kutafuta mashabiki 180 watakaotoa shilingi 20,000 kila mmoja kabla hatujaingia studio. Mwenzetu mmoja anasema huko ni kuombaomba, na mwingine anasema kila mchangiaji apewe hisa katika mapato. Naomba ushauri wa aliyewahi kuliona jambo hili likifanyika, hasa kuhusu nani ashike fedha.

Mama Daftari, Buzuruga

Ndugu Mpiga Rizimu, neno kuombaomba lisikusumbue. Anayepanda jukwaani kumbandika mwimbaji noti ya elfu kumi kwenye paji la uso hajaombwa na mtu, wala anayelipa ili jina lake litajwe katikati ya wimbo hajaombwa. Tofauti yenu ni moja tu: yeye hutuza baada ya kusikia, nanyi mnataka mtuzwe kabla, na hapo ndipo watu huanza kuuliza maswali.

Nimekuwa mhazini wa kamati za harusi mara nyingi kiasi kwamba watoto wangu wananitania kwa jina hilo mnaloliona hapo juu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kuandika ahadi na fedha taslimu katika safu mbili tofauti, kwa sababu kamati inayopanga bajeti kwa kutazama ahadi huishia kukopa wiki ya sherehe. Kwa hiyo msilipe kianzio cha studio kwa kuwa watu 180 wamesema ndiyo kwenye kundi la WhatsApp. Mlipe fedha zikishaingia.

Jambo la pili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilichangia albamu ya kwaya moja, ambayo sitaitaja, na michango yote ilitumwa kwenye simu ya kiongozi mmoja. Hakuwa mwizi. Mtoto wake alilazwa usiku, fedha zilikuwa kwenye simu ileile anayonunulia mkate, akazitumia akiamini angezirudisha mwisho wa mwezi. Albamu haikutoka, na hadi leo tukikutana naye sokoni hujifanya anachagua nyanya. Naomba msimweke mzee wenu wala mwimbaji wenu katika jaribu hilo. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao asiwe mwanabendi, na kila jioni orodha ya waliotoa itumwe kwenye kundi, pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja, hata kama siku hiyo ameongezeka mtu mmoja tu. Makato ya kutuma na kutoa nayo yaandikwe, kwa maana ndiyo huzusha ugomvi wa shilingi mia tano mia tano.

Msikilizaji Mkongwe, Nyegezi

Nakubaliana na dada hapo juu, na ningependa kuongeza yaliyotokea kwingine, kwa kuwa jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1997 mashabiki wa Marekani walichanga takribani dola 60,000 ili bendi ya Kiingereza ya Marillion iweze kwenda kuwapigia huko kwao. Bendi ilijifunza kutokana na hilo, na albamu yake ya mwaka 2001 ikawauzia mashabiki zaidi ya 12,000 kabla haijarekodiwa. Mtunzi wa jazi Maria Schneider alirekodi albamu ya mwaka 2004 kwa fedha za wasikilizaji wake kupitia mtandao wa ArtistShare, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy ilhali haikuwahi kuuzwa madukani. Kumbukeni kwamba hao wote walikuwa na wasikilizaji wao tayari. Mtandao ulikusanya fedha, haukuwatafutia mashabiki, na kwa upande huo nyinyi mnaojaza ukumbi si wanyonge.

Kuhusu hisa, napinga. Mtandao wa SellaBand ulianza mwaka 2006 kwa mpango huohuo: mashabiki walinunua sehemu za dola 10 hadi msanii afikishe dola 50,000, kisha mapato yagawanywe. Mwaka 2010 ulifilisika. Hata bila kufilisika, fikirieni wachangiaji 180 wanaosubiri mgawo wa nyimbo ambazo vijana wa vibanda vya kurusha nyimbo watakuwa wamezijaza kwenye memori kadi za watu ndani ya wiki moja. Isitoshe, ukianza kuuzia umma hisa unaingia kwenye mambo ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na sidhani kama bendi ya watu saba inataka kufika huko. Mwuzieni shabiki albamu kabla haijatoka. Yeye ni mnunuzi wa mapema, jina lake liandikwe kwenye jalada, na rekodi ibaki kuwa ya bendi.

Na huyo anayetaka kununua nyimbo zote, mwulizeni ananunua nini hasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatofautisha haki ya aliyetunga wimbo na haki za wapigaji na za mtayarishaji wa rekodi. Mtu anaweza kugharimia rekodi bila kumnyang'anya mtunzi utunzi wake, ila mkataba wa ukurasa mmoja unaosema "nyimbo zote ni zangu" unafuta tofauti hiyo. Kabla ya kuchangisha, andikeni baina yenu nani alitunga nini, kisha msajili kazi zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Kama mna ndugu walio nje wanaotaka kuchangia, Kickstarter, mtandao wa kuchangishia miradi, haimpokei mwanzisha mradi anayeishi Tanzania, hivyo itabidi ndugu mmoja aliye katika nchi inayokubaliwa asimamie kwa jina lake, na deni la kuwapelekea wachangiaji walichoahidiwa litakuwa lake. Kanuni yao moja, hata hivyo, inafaa kuigwa: lengo lisipofikiwa ifikapo tarehe iliyotajwa, hakuna anayekatwa fedha. Nyinyi mtalazimika kurudisha, na mseme tangu mwanzo ni nani atakayelipia makato ya kurudisha. Mtandao mwingine, PledgeMusic, ulianguka mwaka 2019 ukiwa na fedha ambazo mashabiki walishalipa na wasanii hawakuzipata, kwa hiyo kisa cha kwaya ya Mama Daftari si cha Buzuruga peke yake.

Fundi Mitambo

Mimi naitazama bajeti. Siku sita zinatosha kama mmefanya mazoezi, ila siku nzima ya kwanza itaishia kwenye enanga, nanyi hamkuipangia. Ule ni ubao uliochimbwa mithili ya sinia refu, uzi mmoja ukipitishwa mara saba au nane kutoka ukingo hadi ukingo, na sauti yake ni ndogo. Ukiweka maiki karibu nayo huku ngoma zinapigwa chumba hichohicho, maiki itachukua ngoma kwanza. Mzee akae chumba cha pembeni awasikie wenzake kwa hedifoni, na kwa kuwa wazee wengi hawapendi hedifoni, mpeni moja ya kufanyia mazoezi nyumbani wiki mbili kabla. Joto la studio nalo hulegeza nyuzi, kwa hiyo muda wa kukaza upya uhesabiwe.

Umeme ukikatika siku ni yenu au ni ya studio? Waulizeni kabla ya kulipa. Ongezeni angalau shilingi 400,000 za dharura, yaani wachangiaji 20 zaidi.

Mwaloni

Nafanya biashara ya dagaa hapa Kirumba na nimewasikia mkipiga Nansio. Kama mnawategemea wavuvi wa Ukerewe, msitangaze mchango wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu watu hukaa nyumbani wakishona nyavu, na aliyeahidi elfu ishirini atakuambia ukweli kwamba hana. Anzeni siku ya tano au ya sita tangu giza lirudi, mzigo ukiwa umeshauzwa.

Mpiga Rizimu, Ilemela

Nawashukuru wote. Tumekutana leo mchana na tumekubaliana kuuza mapema, bila hisa, kwa wanunuzi 200, ili jumla iwe shilingi 4,000,000. Aliyetaka nyimbo zote tumemwambia anaweza kununua nakala kama wengine, naye hajajibu. Kwenye kuandika nani alitunga nini tumekwama katika nyimbo mbili, kwa sababu maneno ni ya mwimbaji na mdundo ni wa mzee, na kila mmoja anamwambia mwenzake aandikwe yeye.

Mzee ameikubali hedifoni, lakini anataka majina ya wachangiaji yasomwe kwa sauti mwishoni mwa wimbo wa mwisho, akiyapigia enanga chini yake, kama yanavyotajwa ukumbini. Fundi, majina 200 yatachukua dakika ngapi? Nawe Mama Daftari, tunamtafuta mtia saini wa tatu asiye mwanabendi, na jina lako limetajwa kikaoni mara mbili.