Naomba ushauri: nimtafsirieje mama hii kura ya utoaji mimba hapa Missouri?

Habari zenu wandugu. Sisi tuko Kansas City, mama angu amepata uraia juzijuzi na Novemba 3, 2026 atapiga kura yake ya kwanza Marekani. Kingereza hasomi, na sheria ya hapa inaruhusu aingie na mtu wa kumsaidia anayemtaka yeye, ila asiwe bosi wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Kanichagua mimi.

Sasa shida iko hapa. 2024 wananchi walipitisha Amendment 3 (marekebisho ya katiba ya jimbo), kama asilimia 51 na ushee hivi, ikaweka haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Wabunge wakairudisha tena, na namba ni ileile 3, lakini safari hii ukiweka NDIYO unafuta ile haki, ruhusa inabaki kwa dharura ya kiafya, mtoto mwenye kasoro tumboni, na aliyebakwa au kupewa mimba na ndugu yake, hadi wiki 12. Humohumo wameingiza na marufuku ya matibabu ya watoto kubadili jinsia, vitu viwili kura moja!

Mama alikuwa mkunga Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Jana kaweka kidole kwenye karatasi ya mfano akaniuliza, "mwanangu, wale mabinti wa mizizi ya kutoa mimba niliowazika, hapa wako upande gani?" Nilinyamaza. Mi nina msimamo wangu, pasta nae ana wake.

Waliowahi kutafsiria wazazi, mlifanyaje msiwape kura yenu? Nimsomee neno kwa neno au nimweleze maana?