Mjadala: Kevin Cash alikosea kumtoa Blake Snell, au tunamwonea?

MTOA MADA
Wakuu, kila ikifika Oktoba, msimu wa fainali za besiboli Marekani, hii kesi inafufuka na watu wanagombana bila kusikilizana. Naiweka mezani: usiku wa 27 Oktoba 2020, meneja wa Tampa Bay Rays, Kevin Cash, alikosea kumtoa mrushaji wake Blake Snell?

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, ilikuwa hivi. World Series, yaani fainali yenyewe ya ligi kuu, mechi ya sita, Arlington, Texas. Mechi zote zilichezwa uwanja mmoja usio wa timu yoyote kwa sababu ya korona. Los Angeles Dodgers wanaongoza mechi 3 kwa 2, wakishinda hii wanabeba taji ambalo hawajaligusa tangu 1988. Lakini ubao unasoma 1–0 kwa Rays, maana Randy Arozarena aliupeleka mpira nje ya uzio mapema kabisa. Na Snell anarusha kama mtu aliyepandwa na mashetani. Wapigaji tisa amewarudisha kwa straiki tatu, hajamgawia mtu besi ya bure. Vinara watatu wa Dodgers, Mookie Betts, Corey Seager na Justin Turner, kila mmoja ameshasimama mbele yake mara mbili, na mara zote sita wametolewa kwa straiki. Sita kwa sita.

Awamu ya sita, mmoja ameshatolewa, Austin Barnes anapata pigo na kusimama besi ya kwanza. Ni pigo la pili tu usiku ule. Snell amerusha mipira 73. Cash anatoka kwenye benchi, anamnyang'anya mpira. Kamera ilimnasa Snell akitukana hewani. Anaingia Nick Anderson. Betts anampiga mpaka besi ya pili, Barnes anafika ya tatu. Mrusho mwingine wa Anderson unampita mdakaji, Barnes anakimbia mpaka nyumbani, 1–1. Seager anauviringisha mpira chini, Betts anawahi nyumbani, 2–1. Baadaye Betts akaongeza moja ya nje ya uzio, 3–1, Dodgers mabingwa.

Msimamo wangu, ili msinitafute. Kumtoa Snell kunateteeka. Kumwingiza Anderson hakuteteeki. Na kama kuna meneja ambaye hakupaswa kukosea hapo, ni Cash.

Mtazameni alikotoka. Cash alikuwa mdakaji wa akiba. Ligi kuu alicheza mechi 246 katika misimu minane: Toronto, Tampa Bay, Boston, Yankees, Houston. Wastani wake wa kupiga ni .183, yaani hakufikisha hata mapigo mawili katika kila majaribio kumi. Mpigaji wa namna hiyo haajiriwi kwa gongo. Anaajiriwa kwa sababu anajua kuchuchumaa nyuma ya mpigaji, kusoma warushaji, na kutulia siku nne bila kucheza halafu siku ya tano akaingia akajua la kufanya. Boston mwaka 2008 ndiye aliyekuwa akimdakia Tim Wakefield, mzee wa mipira inayoyumba hewani ambayo wadakaji wengi hawaitaki hata kwa dawa. Na kazi yake ya kwanza ya ukocha ligi kuu, Cleveland 2013 na 2014 chini ya Terry Francona, ilikuwa kuwasimamia warushaji wa akiba. Maisha yake yote ni kuangalia mikono ya watu: huu bado una moto, huu umechoka.

Sasa Anderson. Msimu wa kawaida wa 2020 alikuwa hashikiki, wastani wa kuruhusu pointi 0.55 kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima. Lakini kwenye mtoano alikuwa ameruhusu pointi katika mechi sita mfululizo alizoingia. Sita! Mkono ulikuwa umekwisha na kila mtu aliona. Meneja aliyetokea kwenye kundi lile lile la warushaji wa akiba hakuona?

Naomba kuwasilisha. Hoja kwa hoja, matusi pembeni.

MDAU, DALLAS
Mtoa mada umeanza vizuri halafu ukapotea njia. Eti kumtoa Snell kunateteeka? Huku Texas hakuna aliyeelewa, hata mashabiki wa Dodgers walikuwa wanaangaliana. Betts mwenyewe alikiri baada ya mechi kwamba kuondoka kwa Snell kuliwapa nafuu. Mpinzani wako akishusha pumzi ukifanya mabadiliko, hayo mabadiliko ni yako au yake?

Sita kwa sita, kaka. Meneja anataka ushahidi gani zaidi, hati ya mahakama?

MDAU, NAIROBI
Ndugu wa Dallas, hebu tupoe kidogo. Sita kwa sita ni raundi mbili. Ya tatu ni mchezo mwingine.

Wapigaji tisa wanapokezana kwa zamu. Mara ya kwanza mpigaji hamjui mrushaji leo kaamkaje. Mara ya pili ameshaona kasi yake na mpira unavyopinda. Mara ya tatu anajua anachokitafuta, na mrushaji naye amechoka. Si imani ya mtu, rekodi za ligi nzima zinaonyesha wapigaji wanapanda kila wanapomrudia mrushaji yule yule. Na Betts ndiye aliyekuwa anafungua raundi ya tatu, na mtu yuko besi ya kwanza, na uongozi ni wa pointi moja. Hapo hapo.

Ongezeni hili: Snell hakuwa amemaliza awamu sita katika mechi yoyote tangu Julai 2019. Zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mnaposema "angemwacha amalize", amalize nini, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi 15?

Na wanaosema meneja aamini macho yake, someni habari za Grady Little, aliyekuwa meneja wa Boston. 2003, Boston dhidi ya Yankees, mechi ya saba, Boston mbele 5–2 awamu ya nane. Pedro Martínez amechoka. Little anaenda kuongea naye, Pedro anasema yuko sawa, Little anamwamini na kumwacha. 5–5. Awamu ya 11 Aaron Boone wa Yankees akawamaliza, na Little hakurudishwa kazini msimu uliofuata. Huyo naye alikuwa mdakaji, wa ligi ndogo. Aliamini macho, akafukuzwa. Cash aliamini hesabu, anatukanwa. Mnataka nini hasa?

MDAU, MWANZA
Mimi besiboli naifuata kwa mbali, ila naona mnampa huyu bwana sifa na lawama zisizo zake. Rays ni timu ya bajeti ndogo inayoendeshwa na ofisi ya wachambuzi. Mei 2018 walimwanzisha Sergio Romo, mrushaji wa kumalizia mechi, arushe awamu ya kwanza tu halafu apishe wengine, watu wakacheka, baadaye timu nyingine zikaiga. Hilo lilitoka wapi? Kwenye mpango wa timu. Huu uamuzi wa Snell nao uliandikwa kabla jua halijazama.

Sasa niambieni, udakaji wa akiba unahusikaje? Mourinho alianza kama mkalimani wa Bobby Robson, hakuwa mchezaji wa maana, akabeba Ulaya. Historia ya mtu uwanjani ni hadithi tamu ya kumwandikia wasifu tu. Meneja wa siku hizi ni msemaji wa kompyuta mwenye sare.

MTOA MADA
Mkuu wa Mwanza, umegusa penyewe. Lakini kama ni msemaji tu, basi weka yeyote. Kwa nini timu zinawarudia wadakaji wa akiba kila mwaka? Ralph Houk alikaa Yankees misimu minane nyuma ya mdakaji nyota Yogi Berra akacheza mechi 91 tu, kisha akapewa timu 1961 na kubeba World Series mbili mfululizo. Bruce Bochy, misimu tisa ya kukaa benchi Houston, Mets na San Diego, leo ana mataji manne kama meneja: 2010, 2012 na 2014 na San Francisco, 2023 na Texas. Hawa wanatafutwa kwa sababu kuna kitu wanakijua.

Na huyo Bochy ndiye ninayetaka mumlinganishe na Cash. Oktoba 2014, mechi ya saba, Kansas City. Mrushaji wake, Madison Bumgarner, alikuwa amerusha mechi nzima ya tano peke yake, mipira 117, siku tatu tu nyuma. Kanuni zote zinasema huyo apumzike. Bochy akamwingiza awamu ya tano, uongozi 3–2, na kila aliyesubiri amtoe akasubiri mpaka mwisho. Awamu tano, mipira 68, hakuna pointi. Hakuwa anabahatisha. Aliutazama mkono.

Ndugu wa Nairobi, hesabu zako nimezikubali tangu mwanzo, soma tena bandiko langu. Raundi ya tatu ni hatari, ndiyo. Lakini hesabu ya Snell ilikuwa ya ligi nzima, na hesabu ya Anderson ilikuwa ya wiki tatu zilizopita. Cash akachagua kuogopa ya kwanza na kuipuuza ya pili. Huwezi kuwa mtu wa takwimu nusu. Warushaji wengine wa akiba walikuwepo: Diego Castillo alikuwepo, Pete Fairbanks alikuwepo.

MDAU, NAIROBI
Fairbanks ndiye aliyepigwa na Betts nje ya uzio awamu ya nane. Nakukumbusha tu.

MDAU, KAMPALA
Naomba na mimi niingie, maana naona mnaongea kana kwamba Afrika Mashariki mchezo huu ni wa kwenye televisheni tu. Huku Uganda watoto wanaucheza. Timu ya Lugazi ilifika Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Marekani, 2012, ya kwanza kutoka Afrika. Nami nimedaka, si kwa kiwango chochote cha kujisifia.

Mdakaji ndiye pekee anayeutazama uwanja mzima kwa mbele, wenzake wote wanamtazama yeye. Anajua mrushaji amechoka kabla mrushaji hajajijua: mpira unafika mzito kidogo, unaanza kukaa juu, sauti yake kwenye glavu inabadilika. Benchi halisikii hiyo sauti. Kwa hiyo kaka mtoa mada, hata ungekuwa mdakaji miaka 20, siku ukihamia benchi umepoteza masikio. Unabaki na macho na karatasi. Ndiyo maana meneja mwenye busara anapotoka humfuata kwanza mdakaji, kabla hata ya mrushaji, wanaangaliana, mengine yanaeleweka. Usiku ule Cash alitoka akiwa ameshaamua. Hilo ndilo linaloniudhi mimi, Anderson baadaye.

MDAU, DALLAS
Dada, hapo umeua. Hapo hata wa Nairobi hana jibu.

MDAU, NAIROBI
Ninalo. Dada wa Kampala, nakuheshimu, ila tazama 2019. A.J. Hinch, meneja wa Houston, naye mdakaji wa zamani, wastani wake wa kupiga .219. Mechi ya saba, Zack Greinke amewazima Washington mpaka awamu ya saba, mipira 80. Anthony Rendon anampiga moja nje, Juan Soto anapewa besi ya bure, Hinch anamtoa. Anaingia Will Harris, ambaye alikuwa na msimu mzuri sana. Howie Kendrick akaupiga mpira ukagonga nguzo ya pembeni kulia, ukahesabiwa nje ya uzio. Washington mabingwa. Hinch hakumleta mkono mbovu, kaleta mzuri, na bado watu walimla nyama. Kwa hiyo hoja ya "tatizo ni Anderson" haisimami: hata angekuwa mzuri, akipigwa mngekuwa hapa hapa, na mada ile ile.

MTOA MADA
Hapana. Kwa Harris ningesema bahati mbaya na ningelala. Harris hakuingia akitoka kuruhusu pointi mechi sita mfululizo kama Anderson. Mnachanganya uamuzi na matokeo, na ndicho hasa nilichotaka tusifanye. Cash mwenyewe alisema anajutia kwa sababu haukuzaa matunda. Mimi ndipo ninapompinga. Ungekuwa mbaya hata kama Betts angekosa.

MDAU, MWANZA
Mnasahau jambo moja dogo. Timu yenyewe ilipata pointi moja mechi nzima. Arozarena alipiga nje ya uzio mara kumi kwenye mtoano ule, rekodi, wengine walikuwa wapi? Kwa pointi moja hata malaika akirusha utafungwa siku moja.

Na timu haikumlaumu. Snell ndiye aliyeuzwa San Diego miezi miwili baadaye. Cash akabaki, akachaguliwa meneja bora wa ligi yake 2020.

MDAU, DALLAS
Kura za hiyo tuzo hupigwa kabla mtoano haujaanza, mkuu. Waliompigia walikuwa hawajaiona mechi ya sita.

MDAU, MWANZA
Na ya 2021? Akaichukua tena, wa kwanza kuibeba mara mbili mfululizo upande ule wa American League. Ushindi 100, rekodi ya klabu. Hao walikuwa wameiona.

MDAU, DALLAS
Ushindi 100, halafu Boston wakawatoa kwa mechi nne tu. Na Snell? San Diego alibeba Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2023, na tangu 2025 anavaa jezi ya hao hao Dodgers.