Shinbyu huko Bagan: mgeni atazame vipi bila kuharibu shughuli ya watu?

Msafiri_Kusi: Wakuu, ratiba ya mahekalu ya kale ya Bagan, Myanmar, imeangukia mwishoni mwa Machi. Nasikia ndio msimu wa shinbyu, sherehe ya Kibuddha ya wavulana kuingia utawa: huvikwa kifalme kisha kunyolewa. Mgeni anaruhusiwa? Nijipange vipi?

MtembeziMashariki: Msimu ndio huo, Machi hadi Mei, shule zikiwa zimefungwa. Hakuna tiketi wala ratiba ya umma, maana kila familia hujipangia siku yake. Ulizia Nyaung-U, mji ulio jirani na mahekalu, jioni ya kuamkia. Maandamano hutoka asubuhi, kabla jua halijawaka.

Njiani hakuna anayekuzuia. Mtoto amevaa hariri na taji kama Siddhartha, yaani Buddha, alipokuwa bado mwana wa mfalme, yuko juu ya farasi au gari la ng'ombe, mwavuli wa dhahabu kichwani. Akishuka hubebwa mabegani, miguu isiguse ardhi. Nyuma yake wazazi hubeba majoho na bakuli la mtawa. Mara nyingi dada zake hutobolewa masikio siku hiyohiyo.

Wageni wengi hupiga picha za farasi wakaondoka, na hapo ndipo wanapokosea. Kiini kiko monasterini: taji linavuliwa, kichwa kinanyolewa, wazazi wamekinga shuka jeupe ili nywele zisianguke chini. Kisha mtoto anaomba kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, apokewe, anavishwa joho na kushika amri 10. Wengi hukaa humo siku chache au wiki moja hivi, wakarudi nyumbani. Kuingia humo omba ruhusa kwa mzazi mwenye shughuli. Dereva wako akikuombea kwa Kiburma ni rahisi zaidi.

Kandambili: Naongezea yanayowaangusha watu. Viatu huvuliwa getini, NA SOKSI pia. Saa sita mchana sakafu ya mawe inaunguza nyayo, kwa hiyo hekalu kama Ananda litembelee asubuhi. Mabega na magoti yafunikwe. Ndani keti chini, nyayo zisielekee sanamu ya Buddha wala watawa, na usimshike mtoto kichwa hata kama amekuchekea. Zima flashi, farasi wakishtuka mtoto aliye juu ndiye anayeanguka. Picha ya mbele ipige ukiwa pembeni mwa barabara, usirudi kinyumenyume mbele ya msafara.

Tena, usipange kutazama kutoka juu ya hekalu. Baada ya tetemeko la Agosti 2016 kupanda kulipigwa marufuku karibu kote.

Msafiri_Kusi: Asanteni. Na zawadi? Pia nipo na dada yangu, ataruhusiwa kuingia?

MtembeziMashariki: Kiingilio hakuna. Ukitaka kuchangia, weka kyat (fedha ya Myanmar) kwenye bahasha umpe mzazi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko. Usimpe mtoto aliyekwisha vaa joho: amri ya 10 inamkataza kupokea dhahabu na fedha. Chakula kikiwepo kaa ule, kukataa kunawavunja moyo wenyeji.

Dada aingie tu. Asimguse mtawa wala novisi (mtawa mwanafunzi), na kitu cha kumpa akiweke mbele yake badala ya kumkabidhi mkononi. Kwenye baadhi ya mahekalu kubandika jani la dhahabu (karatasi nyembamba ya dhahabu) kwenye sanamu ya Buddha ni kwa wanaume pekee. Kibao huwa kipo, asome kabla hajasogea.

Kandambili: Kabla ya kulipia chochote angalieni hali ya usalama barabarani. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 mapigano yameenea sehemu nyingi za nchi, na njia inaweza kufungwa ghafla.