Excel au programu ya kulipia kwa ripoti ya mazingira? Nakaanga kahawa Moshi, mnunuzi yuko Ujerumani

MkaangaKahawa (Moshi)
Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo ya kukaanga kahawa, tuko watu 9. Buni nachukua kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) tatu za huku mlimani. Mnunuzi wangu wa Hamburg ameniletea dodoso: umeme, mafuta, maji, taka, wafanyakazi, na hewa ukaa ya mwaka mzima. Anataka majibu kabla hatujasaini mkataba wa msimu ujao. Wauzaji wawili wa programu wameshanipigia simu. Bei zao ni za dola, unalipa kila mwezi, na huruhusiwi kutoka kabla mwaka haujaisha. Mhasibu wangu anasema Excel inatosha. Naogopa kutupa hela, na naogopa pia kutuma hesabu mbovu nikapoteza soko nililolitafuta kwa miaka. Nyie mlifanyaje?

Mhasibu_Tanga
Dada, kabla ya kuchagua chombo, hesabu kwanza vyanzo vyako. Karakana ya watu 9 ina umeme wa LUKU (wa kulipia kabla kwa tokeni), gesi ya mashine ya kukaangia, dizeli ya jenereta na mafuta ya gari. Mistari minne kwa mwezi, 48 kwa mwaka. Hiyo Excel inaibeba bila shida.

Fungua kurasa tatu. Ya kwanza ni namba ghafi tu, kila mstari na tarehe yake na namba ya risiti. Ya pili ni vigezo vya kugeuzia, yaani namba za kugeuza lita, kilo na uniti kuwa kilo za hewa ukaa. Ya tatu ni majibu, na hiyo ifunge, asiiguse mtu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Kilo moja ya gesi ya mtungi, takriban kilo 3. Jenereta ikinywa lita 400 kwa mwaka, andika kama kilo 1,080. Serikali ya Uingereza hutoa jedwali la vigezo hivi kila mwaka, bure.

Ila kigezo chao cha umeme usikichukue! Hicho ni cha gridi ya Uingereza. Umeme wetu unatokana na maji ya Rufiji na gesi ya kusini, kwa hiyo tafuta kigezo cha gridi ya Tanzania, na uandike umekitoa wapi.

Makadamia_Thika
Mimi natofautiana kidogo na mhasibu. Sisi tunabangua makadamia, tuko zaidi ya 60, na Excel ilitushinda. Walioingiza namba walikuwa watatu. Mmoja aliandika shilingi za tokeni pale palipotakiwa uniti, miezi mitatu mfululizo, na aliyeliona kosa ni mteja. Niliona aibu kubwa. Programu tuliyonunua inadai picha ya bili, inakataa namba iliyoruka kupita kiasi, na inaonyesha nani alibadilisha nini.

Lakini haijui kiwanda chako. Maganda tunayochoma kwenye boila iliyahesabu pamoja na mafuta ya kawaida, wakati hewa ukaa ya mimea huripotiwa kando. Kama si fundi wetu wa boila kushtuka, tungetuma hivyo hivyo.

Mboga_Arusha
Ukinunua, uliza swali moja kabla ya kusaini: siku nikiacha kulipa, naondoka na data yangu yote kwa Excel? Mimi sikuuliza. Akaunti ilifungwa, nikabaki na PDF za kurasa nyingi na hakuna hata fomula moja. Miaka miwili nimeiandika upya kwa mkono kutoka kwenye risiti. Bahati risiti zilikuwepo.

Bandarini_Hamburg
Nafanya kazi kwa waagizaji wa kahawa hapa Hamburg, na madodoso kama hayo hupita mikononi mwangu. Jina la programu hatuulizi. Tunauliza namba imetoka wapi, na tunashukuru mtu akijibu kwa risiti.

Dada, muulize mnunuzi wako kama atapokea VSME. Ni kiwango cha hiari cha ripoti za mazingira na wafanyakazi, kilichoandikwa na EFRAG (shirika linaloandaa viwango vya ripoti vya Ulaya) kwa kampuni ndogo za Ulaya, na Julai 2025 Tume ya Ulaya ilikipendekeza rasmi. Sehemu ya msingi ina vipengele 11 tu, na EFRAG wenyewe wametoa kiolezo cha Excel, bure. Kwenye hewa ukaa inataka mafuta unayochoma mwenyewe na umeme unaonunua. Mnyororo mzima kuanzia shambani haidai. Ukijaza hicho mara moja, wanunuzi wengine nao utawatumia hicho hicho.

Kahawa_Kagera
Mbona hakuna aliyegusa mashamba? Kahawa imo kwenye sheria ya Ulaya ya ukataji misitu, hata iliyokaangwa. Kila shamba lazima lionyeshwe liko wapi, na huko ndiko mistari itakapofika mamia.

Bandarini_Hamburg
Kweli kabisa, mkuu. Nafuu ni kwamba shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu ya GPS, yenye tarakimu sita baada ya desimali, na vihamba (mashamba ya nyumbani) vingi vya Kilimanjaro ni vidogo kuliko hapo. Hatari iko kwenye faili. Excel ya Kijerumani hutenganisha maelfu kwa nukta, kwa hiyo -3.245678 ikifunguliwa ofisini kwetu inaweza kusomeka milioni tatu na zaidi. Nimeshaona orodha nzima ya wakulima imeharibika hivyo. Kwa nukta za mashamba, ndiyo, tumia programu ya ramani. Zipo za bure zinazofanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao.

MkaangaKahawa (Moshi)
Asanteni sana, mmenituliza. Nishati, maji na wafanyakazi naweka Excel, mwingizaji mmoja tu, kwa kiolezo cha VSME mnunuzi akikubali. Mashamba nitayachukua kwa simu. Jumamosi naenda AMCOS ya kwanza kuongea na katibu. Limebaki moja: mita ya LUKU ni moja kwa karakana na nyumbani kwangu. Nitagawaje?

Mhasibu_Tanga
Usigawe kwa kukisia. Fundi umeme akufungie mita ndogo upande wa karakana, uisome kila tarehe 1. Kwa miezi iliyopita, andika umeme wote kuwa wa karakana na ueleze sababu pembeni.

MkaangaKahawa (Moshi)
Fundi anakuja kesho.