Nairobi au Dar: kwa mshahara ule ule, wapi maisha yana nafuu?

Mhasibu_Ilala
Wakuu, mjadala wa Kenya na Tanzania huishia kwenye ushabiki kwa sababu hatuanzi na hesabu. Chukueni mwajiriwa wa sekta binafsi anayelipwa 100,000 za Kenya pale Nairobi, na mwenzake wa Dar anayelipwa 2,000,000 za kwetu. Tukiweka shilingi ya Kenya kwa 20, mshahara ni mmoja.

Nairobi, viwango vya 2025: NSSF (akiba ya uzeeni) 4,320, SHIF (bima ya afya) 2,750, ushuru wa nyumba 1,500. Hayo hutolewa kabla ya kodi, inabaki 91,430. PAYE (kodi ya mshahara) ukishaondoa nafuu ya kodi ya 2,400 ni 19,812. Mkononi 71,618.

Dar: NSSF asilimia 10, yaani 200,000. Kwenye 1,800,000 iliyobaki, PAYE ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja, jumla 368,000. Mkononi 1,432,000, ambazo ni 71,600 za Kenya.

Kwa ngazi hii, anayedai upande mmoja unakamuliwa zaidi hana hoja. Tofauti tuitafute kwingine. Mwenye deni la HESLB (mkopo wa elimu ya juu wa Tanzania) aondoe pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

BintiNgara
Asante sana ndugu. Ongeza akiba ya uzeeni. Huku Nairobi mwajiri huongeza kiasi sawa na cha mfanyakazi; kwa viwango vya 2025 jumla ilikuwa 8,640 kwa mwezi. Huko Dar, mwajiri akiweka asilimia 10 yake, zinaingia 400,000, yaani 20,000 za huku. Kwa viwango hivyo ni zaidi ya mara mbili, na watu huisahau kwa kuwa haionekani mkononi.

Kwa upande wa bima, SHIF inamhudumia mwanachama, mwenzi na watoto, ila kukatwa mshahara peke yake hakutoshi. Lazima mtu ajisajili SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo, na aongeze wategemezi wake mwenyewe, kwa *147# au mtandaoni kwenye Afya Yangu. Wengi hugundua wakiwa dirishani hospitalini kwamba mtoto hayumo.

Dalali_Mstaafu
Kinachomnyonga mgeni Dar ni kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Nyumba ya 400,000: mara sita ni 2,400,000, dalali 400,000, jumla 2,800,000 kabla hujalala usiku wa kwanza. Hapo hujaweka hela ya kuoneshwa nyumba, ambayo huilipa hata usipoipenda.

Nairobi, nyumba ya 20,000 unalipa mwezi mmoja na dipositi ya mwezi mmoja: 40,000, yaani 800,000 za kwetu. Kwa anayeanza maisha, Nairobi inamfungulia mlango haraka zaidi. Ubaya wake ni kwamba kodi inakusubiri kila mwanzo wa mwezi, na dipositi huyeyuka siku ya kuhama kwa jina la kupaka rangi. Piga picha kuta, sinki na vitasa siku unapokabidhiwa funguo, umtumie wakala siku hiyo hiyo.

FundiStima
Watu husema Nairobi stima ni ghali bila kuangalia inakoenda. Nairobi huhitaji AC, lakini heta ya kuogea ni kilowati 5 hivi. Dakika 10 ni uniti 0.8. Watu wanne kila siku, mwezi mzima, ni uniti 100 na hapo hujawasha taa. Wastani wa miezi mitatu ukivuka 100, KPLC (kampuni ya umeme ya Kenya) inakuhamishia bei ya juu.

Dar huhitaji heta, ila Desemba hadi Machi AC ndogo chumbani hula kama uniti 5 kwa usiku. Uniti 150 kwa mwezi, kwa takribani shilingi 356 kila moja pamoja na kodi, ni 53,400. Anayebaki chini ya uniti 75 na feni tu anaweza kuwa kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi.

Mhasibu_Ilala
Na kodi ya jengo, mkuu. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) hukata 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Usiponunua umeme miezi mitatu, deni linakusanyika na kukatwa kwa pamoja. Ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo mkataba useme litatolewa kwenye kodi ya pango.

Mwalimu_Tanga
Kwa wenye watoto, hapa ndipo pa kufikiri sana. Shule ya msingi ya serikali Tanzania inafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Ada za serikali zimefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi cha sita tangu 2022. Kenya wana mfumo wa 2-6-3-3-3: miaka 2 ya awali, 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini, 3 ya sekondari ya juu na 3 ya chuo. Mtoto akihamishwa katikati ya darasa la tano au la sita anaweza kupoteza mwaka, kwa sababu mifumo ya mitihani haifanani. Mhamisheni Januari, na mapema iwezekanavyo.

BintiNgara
Gari je? Kenya haisajili gari la kutoka nje lililozidi miaka 8. Wanaohama kutoka Dar na gari la zamani waliuze huko huko. Mtungi wa gesi vilevile: kwenu ni kilo 15, kwetu 13, hakuna duka la mtaani litakalobadilishana nawe.

Kasuku_Pwani
Mwenzi akitegemea kufungua saluni au uwakala wa pesa za simu Dar, je?

Dalali_Mstaafu
Kama si raia, hapana, dada. Amri ya Julai 2025 imezuia wasio raia katika biashara 15, na hizo mbili zimo, pamoja na ufundi simu. Mtanzania anayemkopesha jina naye anaadhibiwa. Familia inayohesabu vipato viwili ipige hesabu ya kimoja kwanza.